Kumnywesha Kuku Dawa, na Walioinywa kwa Niaba Yake

Kuku wa kienyeji huugua kwa siri. Ndiyo desturi ya viumbe wanaoliwa: anayeonyesha unyonge mbele ya wenzake hudonolewa, anayeuonyesha mbele ya mwewe hubebwa. Kwa hiyo kuku mgonjwa hujikaza. Hutoka bandani na kundi, huchakura jalalani ili aonekane tu, huokota punje na kuiangusha pale pale, na jioni hupanda kichanjani kwa wakati. Siku anapokutwa amejikunyata nyuma ya pipa la maji, manyoya yametimka, mabawa yameshuka na macho yamefumba nusu, ugonjwa una siku zake kadhaa mwilini. Kwa mwenye kuku, hata hivyo, ndiyo kwanza umeanza leo asubuhi, naye atamwapia kila anayeuliza kwamba jana huyu alikuwa mzima kabisa.

Uchunguzi wa kwanza hufanywa kwa kiganja. Mwenye kuku humpapasa mgonjwa chini ya bawa, hushtuka, na kutangaza kwamba mwili unawaka moto. Unawaka kweli. Joto la kawaida la kuku mzima ni kati ya nyuzi 41 na 42 za Selsiasi, kiwango ambacho binadamu akikifikia hupelekwa hospitali amebebwa. Kwa kipimo cha kiganja, basi, hajawahi kuanguliwa kuku asiye na homa, na Panadol nyingi zimesagwa katika nyua za Tanzania kutibu afya njema.

Uchunguzi wa pili ni wa kinyesi. Huu una maana zaidi, ingawa aghalabu hufanyika chakula kikiwa tayari kimepakuliwa. Kinyesi chenye damu, hasa kwa vifaranga wa wiki chache, huashiria kuhara damu, ugonjwa wa vijidudu vya jamii ya Eimeria vinavyostawi kwenye banda lenye unyevu. Kijani kikifuatana na shingo kupinda, miguu kupooza na kuku wengi kuanguka kwa mkupuo, unaoshukiwa ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Manjano ya majimaji huelekeza kwenye homa ya matumbo. Uso uliovimba na makamasi yenye harufu ni mafua. Vinundu kwenye upanga na kope ni ndui, ambayo husambazwa na mbu, kana kwamba mbu hawana kazi nyingine za kutosha. Tatizo ni kwamba rangi hizi huazimana. Kuku ambaye hajala kwa siku mbili, kwa sababu yoyote ile, naye hutoa kinyesi cha kijani, kwa kuwa nyongo inashuka bila chakula cha kuchanganyika nacho. Ubishi wa rangi humalizwa na daktari wa mifugo au maabara, na hao huitwa baada ya shangazi, jirani na muuza genge kutoa maoni yao.

Kabla ya kufika huko, maelezo ya ugonjwa hupelekwa kwenye duka la dawa za mifugo, ambako hutolewa mbele ya watu waliokuja kununua mbegu za mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wangu kazubaa."

"Anaharisha?"

"Tena sana."

"Rangi gani?"

Hapo mama hutazama rafu, hutazama ukuta, kisha hunyoosha kidole kwenye shati la mteja aliyesimama pembeni. "Kama hii, ila imepauka kidogo."

Mteja mwenye shati huondoka bila mbegu. Muuzaji aliyesomea kazi yake huendelea kuuliza: wangapi wamekufa, wana umri gani, walichanjwa lini. Asiyesomea hutoa pakiti ya unga wa manjano wa oksitetrasaiklini, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono. Ni dawa nzuri kwa kazi yake, na kazi yake ni bakteria. Mdondo, ndui na gumboro husababishwa na virusi, ambavyo havitishwi na unga wa rangi yoyote. Kuhara damu huhitaji amproliamu au dawa za jamii ya salfa. Minyoo huhitaji dawa ya minyoo kama piperazini. Lakini kuku wana tabia ya kupona wenyewe mara moja moja, na kila anayepona baada ya kupewa unga huo huhesabiwa kuwa ushahidi. Anayekufa huingizwa kwenye daftari jingine, la waliocheleweshewa dawa. Kwa uhasibu wa namna hii hakuna dawa duniani iliyowahi kushindwa.

Maelekezo ya pakiti yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kuku mia na pipa. Mwenye kuku mmoja na kikombe hujikuta ndani ya swali la mtihani wa darasa la saba, na mara nyingi mtoto wa darasa la saba ndiye anayeitwa. Kikombe ni sehemu gani ya lita 20, na sehemu hiyo ya kijiko ni kiasi gani? Mtoto hupata jibu lenye namba ndefu chini ya mstari, mama husema "basi weka kidogo," na kidogo hiyo ndiyo kipimo kinachotumika katika nyua nyingi kuliko gramu. Hali huwa mbaya zaidi kwa wanaotegemea vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa kuku 40 wa kilo moja na nusu, kwa hiyo kidonge cha miligramu 500 kingepaswa kukatwa vipande 40 vya miligramu 12.5 kila kimoja. Kisu cha jikoni hufika kipande cha nane. Kuanzia hapo ni vumbi, na vumbi hilo huondoka na mtu wa kwanza atakayepiga chafya. Zaidi ya hayo, hesabu yenyewe si ya kutegemewa hata ikitoka sawasawa, kwa sababu mwili wa kuku huvunja na kutoa dawa kwa namna yake. Kuku si mtu aliyepunguzwa ukubwa. Kipimo cha kuku kitoke kwa mtaalamu wa mifugo. Na antibayotiki zilizobaki kabatini hazikupaswa kubaki: aliyeandikiwa alitakiwa kuzimaliza.

Dawa ikishakorogwa, njia inayopendwa na wapole ni kuitega kwenye bakuli na kumwachia mgonjwa hiari yake. Kuku mzima hunywa takriban robo lita ya maji kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Mgonjwa hunywa kidogo sana, na hata akitaka kunywa ana vyanzo vyake vya siku zote: maji ya kufulia, kidimbwi chini ya bomba, chombo cha mbwa. Bakuli lililooshwa, likawekwa kivulini, likajazwa maji masafi, kwake ni jambo la kutiliwa shaka. Wanaoliamini ni wengine. Bata huingiza kichwa chote. Mbuzi wa jirani hupitia akielekea kwenye maganda ya ndizi. Jogoo, ambaye hajaumwa tangu aanguliwe, hunywa asubuhi na jioni bila kukosa, na katika ua mzima ndiye pekee anayemaliza dozi kama ilivyoelekezwa. Dawa nyingi za maji zinapaswa kumwagwa na kuchanganywa upya kila siku, kwani zikikaa huharibika. Kwa mwenye nyumba huo ni ufujaji, hivyo unga wa manjano huachwa juani hadi ugeuke rangi ya chai, na hapo hata bata hujiuzulu.

Kuificha dawa ndani ya tonge la ugali hufaa kwa mbwa. Kuku ana macho yanayotofautisha rangi nyingi kuliko ya binadamu, ukiwamo mwanga wa urujuanimno ambao binadamu hauoni kabisa. Hulichunguza tonge kwa jicho la kulia, hugeuza kichwa, hulichunguza kwa la kushoto, kisha huula ugali wote kwa kuuzunguka, akakiacha kipande cha dawa kimesimama peke yake katikati ya uani ili kila mtu akione. Huyo ni kuku mwenye hamu ya kula. Asiye nayo halitazami tonge, na inashangaza ni matonge mangapi hufinyangwa kabla jambo hilo halijakumbukwa.

Hubaki njia moja tu: dawa ipelekwe mdomoni kwa mkono. Kwa hilo anahitajika kuku, na kuku sharti akamatwe.

Mchana haufai. Mgonjwa ambaye asubuhi hakuweza kusimama, akimwona mtu anakuja taratibu ameficha mkono nyuma, hupona kwa muda. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa na huona karibu duara zima, takriban nyuzi 300, hivyo anayemnyemelea kwa nyuma anajinyemelea mwenyewe. Msako huanza na mtu mmoja, wakaongezeka watoto, akaingia jirani mwenye ufagio, kamba ya nguo hukatika, shuka nyeupe hulala kwenye tope, na kuku hupita katikati ya miguu ya yule aliyekuwa akipiga kelele "Mwacheni, huyu namweza!" Hata akipatikana, mbio hizo zimemmaliza nguvu ambazo dawa ilikuja kumwongezea, na wapo wanaofia mikononi mwa waokoaji wao.

Wakati wake ni usiku. Kuku haoni vizuri gizani. Akishapanda kichanjani hutulia, na mtu huweza kumbana mabawa yote mawili kwa mikono miwili, bila purukushani. Ubaya wa giza ni kwamba kuku wote hufanana. Kuna nyumba zilizomnywesha dawa kuku mzima usiku baada ya usiku, zikishangilia maendeleo yake, huku mgonjwa amelala ubavuni pake akisikiliza. Kinga ya hili ni uzi mwekundu mguuni, unaofungwa mchana wakati mhusika bado anajulikana. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mgonjwa naye asikose.

Kumshika kuna elimu yake. Methali inasema teke la kuku halimuumizi mwanawe, na haikutoa ahadi yoyote kwa watu wengine: kucha za kuku zilizochakura mchana kutwa jalalani huacha mistari mkononi, na mistari hiyo ioshwe kwa sabuni. Jambo kubwa zaidi liko kifuani. Kuku hana kiwambo cha misuli kinachovuta pumzi kama cha binadamu. Hupumua kwa kukipanua na kukishusha kifua chenyewe, mfupa wa kidari ukienda na kurudi. Anayembana kifua kwa nguvu ili asiponyoke humkata pumzi bila kumgusa koo, na mgonjwa hutulia kwa utulivu ambao mshikaji huusifia. Afadhali aviringishwe kanga kuzunguka mabawa, kifua kikiachiwa nafasi, na miguu ishikwe kwa chini. Kumning'iniza kichwa chini kwa mtindo wa wachuuzi wa sokoni ni hatari kwa mgonjwa mwenye maji kwenye mfuko wa chakula wa shingoni, kwani hurudi mdomoni na kuingia njia ya hewa.

Kumlaza chali nako kuachwe, ingawa kunavutia. Kuku akilazwa chali na kukandamizwa kidogo huganda, macho wazi, hatikisi hata ukucha. Kasisi Mjesuiti Athanasius Kircher alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1646 na kuliona ni ajabu. Wataalamu wa siku hizi huliona kuwa ni woga uliokithiri, kujifanya mfu mbele ya mlaji. Uani maoni hugawanyika: bibi husema ametulia, amependa; mtoto mwenye tochi huanza kulia kwamba kafa. Kuku huzinduka ghafla na kuwajibu wote wawili usoni.

Sasa mdomo. Mlango wa njia ya hewa ya kuku uko nyuma tu ya mzizi wa ulimi, kitundu kidogo kinachoonekana kikifunguka na kufunga kwa kila pumzi, na hakina cha kukifunika kama kilichomo kooni mwa binadamu. Anayemmiminia kijiko cha dawa katikati ya mdomo humiminia mapafu. Kuku wa namna hiyo hufa baadaye kidogo, na kifo chake huandikwa kwa jina la ugonjwa. Dawa ipite kando: bomba la sindano lililotolewa sindano yake, ncha pembeni mwa mdomo, tone moja moja, kichwa kimeinuka kidogo, na kila tone lisubiri lililotangulia limezwe. Kuku hana uwezo wa kuvuta maji kwa koo. Huinua kichwa na kuyaacha yateremke yenyewe, ndiyo maana hunywa kwa namna inayomfanya aonekane mcha Mungu. Mwenye haraka ampe kazi hii mwenzake.

Halafu kuku hutikisa kichwa. Hakuna maandalizi yanayozuia kitendo hiki, wala dalili inayokitangulia. Tone lililokuwa linangoja kumezwa huruka, na kulingana na pembe ya shingo hutua kwenye kanga ya mshikaji, kwenye kioo cha tochi, ukutani, au ndani ya kinywa cha yule anayesimama nyuma akisema "Mshikeni vizuri!" Huyu wa mwisho ndiye hupata dawa nyingi kuliko wote, kwa kuwa ndiye pekee anayefanya kazi akiwa ameachama. Unga wa manjano hauna siri: familia ikiketi kula, madoa hueleza nani alishika miguu, nani alishika kichwa, na nani alishauri. Busara ni kuchukua dozi iliyopimwa, kukubali kwamba sehemu yake ni ya ukuta, na kujizuia kuirudia kwa makisio. Dozi iliyorudiwa mara tatu "ili iingie angalau moja" wakati mwingine huingia zote.

Wengi hawafiki dukani kabisa, kwa sababu dawa imeota uani. Majani ya mwarobaini hutwangwa, shubiri mwitu hukatwa na kulowekwa, vitunguu saumu husagwa, na pilipili kichaa huongezwa ili kumchangamsha mgonjwa. Kuhusu pilipili sayansi imeshasema neno lake. Mwaka 2002 Sven-Eric Jordt na David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha kwamba kipokezi cha neva kinachowafanya mamalia waungue kwa pilipili kipo kwa kuku pia, lakini cha kuku hakiitikii kapsaisini, kemikali yenye ukali wenyewe. Julius alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yake juu ya vipokezi vya namna hii. Kwa lugha ya uani ni kwamba kuku hunywa pilipili kichaa akaona ni maji. Ukali wote hubaki upande wa pili, kwenye vidole vya aliyetwanga, ambavyo baada ya nusu saa hufuta jasho, husugua jicho au humnawisha mtoto uso. Ndiyo tiba pekee ya kuku ambayo mwenye kuku huruka na mgonjwa humtazama. Mimea hii ikitumika kwa wastani huenda isimdhuru kuku, lakini hakuna mchanganyiko wa majani unaotibu mdondo, na siku zinazotumika kutwanga ni siku ambazo ugonjwa unatembea banda zima. Mafuta ya taa, ambayo wapo wanaoyatia mdomoni, ni sumu.

Si kila maradhi hutibiwa kwa kumeza. Viroboto wa kuku wale wadogo weusi hung'ang'ania kuzunguka macho na kwenye upanga, wamejipanga wala hawaondoki kwa kupeperushwa. Hupakwa mafuta ya mgando, ambayo huwaziba pumzi, kwa uangalifu yasiingie machoni. Kuku aliyepakwa hung'aa uso na hukaa amekasirika. Kazi yenyewe iko bandani: takataka za sakafuni zitolewe na kuchomwa, nyufa zinyunyiziwe dawa, na kuku wawekewe mahali pa mchanga mkavu wenye majivu wa kujigaragazia. Asiyefanya hivyo atagundua kwamba viroboto hao hawana ubaguzi, na kwamba aliyemshika kuku mapajani naye anajikuna.

Vilevile kuna kuku asiyehitaji dawa hata kidogo. Akionekana anajikamua, anaingia na kutoka kiotani, mkia chini, anatembea amepanua miguu, huenda yai limekwama. Anachohitaji ni beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni, aketishwe humo kwa dakika kumi na tano au ishirini. Kuku asiyewahi kuoga hupinga kwa dakika ya kwanza na kuupiga maji uso wa kila aliyekaribia. Kisha joto huingia, macho hulegea, na akaanza kusinzia kwenye beseni la kufulia huku nguo zikisubiri zamu. Yai lisipotoka, aitwe mtaalamu. Kulivuta au kulipasua kwa ndani humuua.

Wakati wote wa matibabu mgonjwa atengwe na wenzake, kwa kuwa magonjwa mengi ya kuku husafiri kwa kinyesi, makamasi na chombo kimoja cha maji. Hufunikwa tenga lenye jiwe juu, mahali pakavu pasipo na upepo wala moshi, na kwa sababu pahali hapo uani hapapo, huishia kuwa stoo, na stoo ikijaa huishia kuwa ukumbini. Hapo mambo hubadilika. Kuku hulishwa uji. Watoto humpa jina. Akianza kupata nafuu hukataa pumba aliyoila maisha yake yote, na hutetea kwa sauti ya malalamiko taarifa ya habari inapoanza. Kuku mwenye jina ana hasara nyingine ambayo haimo kwenye vitabu vya ufugaji: siku ya wageni hatajwi, na akitajwa nyumba nzima hulia.

Kurudi kwake bandani nako si kwepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku tangu utotoni, alieleza kwamba kundi la kuku lina safu ya vyeo: kila mmoja anajua anayemdonoa na anayedonolewa naye. Aliyeondoka kwa siku kadhaa hukuta nafasi yake imejazwa. Hupokewa kama mgeni, hudonolewa kichwani, huzuiwa chakula, na yule aliyekuwa akinyanyaswa naye kabla hajaugua sasa ndiye humkimbiza. Kinachosaidia ni kumrudisha usiku kichanjani, wakati hakuna wa kumtazama, na kuweka vyombo viwili vya chakula vilivyoachana. Damu ikitoka kichwani, atengwe tena, na watoto watafurahi.

Katika hatua zote hizi jirani mmoja huwa anasubiri na ushauri wake, nao ni kisu. "Shoga, mchinje mapema, asije akawa kibudu." Hoja ina nguvu, kwani aliyekufa mwenyewe si halali na nyama yote ni hasara. Lakini ugonjwa wenyewe hausimami kwa kuchinjwa. Manyoya, matumbo na maji ya kuoshea ya kuku mwenye mdondo yakimwagwa jalalani, kuku wa mtaa mzima wataugua, akiwamo yule wa jirani mshauri. Tena kuku aliyekuwa kwenye dawa ana mabaki yake mwilini. Pakiti ya dawa iliyosajiliwa huandika siku ambazo nyama na mayai havipaswi kuliwa baada ya dozi ya mwisho, na kwa dawa nyingine kuku wa mayai hapaswi kupewa kabisa. Siku hizo ziheshimiwe hata kama kuku, kwa uchokozi, amechagua kipindi hicho hicho kutaga kila siku. Aliyekufa azikwe kwa kina au achomwe moto. Mbwa wasimpate, wala asitupwe mtoni.

Kwa ugonjwa unaoua kuku wengi kuliko yote vijijini na mitaani, yaani mdondo, kazi yote iliyoelezwa hapa ni bure, kwa kuwa hauna tiba. Una chanjo. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, yenye makao makuu Temeke, Dar es Salaam, hutengeneza chanjo ya aina ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani na ambayo mfugaji mwenyewe huweza kuitumia akielekezwa. Hutolewa kwa tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi 3 hadi 4, kwa kuku wazima tu. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi mno kwa nyumba yenye kuku sita, na ikishachanganywa haiwekwi akiba ya mwezi ujao. Majirani wapatane siku moja, wachange, wamwite bwana mifugo jioni kuku wakishapanda, na wapite naye nyumba kwa nyumba. Mshikaji asimwachie kuku mpaka tone limeenea jichoni na kuku amepepesa. Akimwachia kabla ya hapo, kilichochanjwa ni sakafu.